Diskette Zilizoanikwa na Omena

Alhamisi, 14 Machi 1996

Mvua imeanza leo, na Mzee Zadock Obiero amekuja nayo. Alipanda ngazi zangu akiwa amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa gunia la mbolea, na nyuma yake mtu wa mkokoteni amebeba skrini kichwani. Chumba changu kiko juu ya duka la vitambaa karibu na soko la Jubilee, na mlangoni nimeandika: Elsie Nabwire, Kuchapa na Kutengeneza Kompyuta. Mzee alikuwa mteja wangu wa kwanza nilipotoka Busia kuja kufungua kazi hapa Kisumu. Mpaka leo huniita Nyar Busia, yaani binti wa Busia, hata nikimwandikia risiti kwa jina langu lote.

Mashine yake naijua ndani nje. Aliinunua kwa wazungu wa mradi wa maji walipofunga virago, wakati bado ni mwalimu mkuu kule Asembo Bay. Nimeiongezea memori, nimeibadilishia feni, nimeitoa mende. Mwaka juzi nilimwambia aachane na zile diskette kubwa laini, ahamie hizi ndogo ngumu. Alikataa, akasema zile za zamani hazijamkosea kitu. Sasa mwanawe Dishon, anayefanya kazi ya reli Nakuru, amemtumia printa, na printa hiyo haitaki kabisa kuelewana na mashine ya kizamani. Tumekubaliana nimwekee bodi mpya, memori zaidi, na diski mpya kubwa. Vya zamani vitabaki kwangu. Ndiyo desturi yetu mafundi: kipuri kilichotolewa ni cha fundi, na mteja haulizi.

Alisema, "Ukihamisha, hamisha vitu yote, Nyar Busia. Iko maneno ya mama humo ndani."

Mama ni marehemu mkewe, Mama Adero, aliyezikwa mwaka jana. Nilitaka kuuliza ni maneno gani, lakini simu ililia.

Jumatatu, 18 Machi

Bodi mpya imekaa vizuri. Stima imepotea tena na tena mpaka nikachoka kuwasha.

Alhamisi, 21 Machi

Wepukhulu ameniingilia asubuhi bila hodi. Ni karani katika kampuni ya samaki kule Kisian, mtu wa kwetu, na akitaka jambo hukumbuka ghafla kwamba babu zetu walichunga ng'ombe pamoja. Diski yao imekufa. Minofu ya samaki wa mbuta iko kwenye barafu, lori linangoja, na bila karatasi za kusafirishia halitoki.

"Dada Elsie, usinitupe. Nipe diski yoyote ile, bora izunguke tu."

Diski yoyote niliyokuwa nayo ni ile ya Mzee Zadock, nimeshaitoa, iko mezani. Bado sikuwa nimehamisha vilivyomo. Niliiwasha nikatazama orodha ya mafaili. Majina ya watu matupu: AOKO, ODUOR, na wengine kama wao, wajukuu bila shaka. Nikadhani ni barua za karo. Jina moja lilikuwa la mtu mzima ninayemjua, LORNAH, mke wa Dishon, na faili hilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Nikacheka peke yangu: huyu mkwe ana mambo gani mengi hivyo?

Wepukhulu alikuwa amesimama juu ya kichwa changu akipiga ufunguo kwenye meza, ta ta ta. Mawingu yalikuwa yameshuka upande wa ziwa na nilijua stima haitakaa. Nikajiambia Mzee ni mwalimu, na walimu huandika kila kitu mara mbili. Diskette anazo nyumbani. Nikaandika amri ya kufuta yote. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, nami nikabonyeza Y, yaani ndiyo.

Wepukhulu ameondoka akiniita malaika. Siku nyingine ningefurahi.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Wateja wawili, wote wa kuchapa matangazo ya matanga.

Alhamisi, 28 Machi

Mzee amekuja kuchukua mashine yake. Nilimwonyesha jinsi inavyowaka haraka, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akauliza vitu vyake viko wapi.

Ningesema pale pale. Nilikuwa na nafasi, hapakuwa na mtu mwingine chumbani, na Mzee si mtu wa kufoka. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema kwa ile sauti yangu ya kitaalamu, "Mzee, diski ya zamani na hii mpya haziwezi kuelewana. Niletee zile diskette zako, niweke kutoka huko moja kwa moja. Ni salama zaidi."

"Aa. Sawa. Wewe ndiye unajua." Akaiacha mashine kwangu, akanipa samaki aliyefungwa kwa gazeti. Alikuwa ameniletea zawadi.

Nimemkaanga, na nimemla, na nilikuwa na njaa. Naandika hilo kwa sababu wakati ule sikuona vibaya sana.

Jumapili, 31 Machi

Matawi kanisani, halafu dhoruba. Mabati ya jirani yamelala barabarani. Gugu la maji limesukumwa mpaka ufukweni pote, ziwa limekuwa shamba la kijani, na akina mama wa omena, wale dagaa wa hapa ziwani, wanalia kwamba mashua hazina pa kutia nanga.

Jumanne, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mzee Zadock amerudi leo baada ya Pasaka na diskette zake. Alizitoa mfukoni moja moja akaziweka mezani, na chumba kizima kikanuka omena. Zilikuwa zimejikunja. Nyingine zilikuwa na malengelenge, na kwenye moja kijisamaki kimekauka kimeng'ang'ania lebo. Nilidhani ni mzaha.

Akanieleza. Siku ile ya dhoruba paa la nyumba lilivuja juu ya sanduku la diskette. Yeye alikuwa kanisani. Lornah, mkwe wake, ndiye aliyekuwa nyumbani. Aliona maji ndani ya sanduku akashtuka, akayamwaga, na kesho yake jua lilipotoka akazipanga diskette vizuri kwenye wavu uwanjani, kando ya omena wake. Kila kilicholowa pale kwao hukaushwa hivyo: nguo, mahindi, samaki, vitabu vya watoto. Akazigeuza hata upande wa pili ziive sawa.

Nina ile diraivu ya zamani ya kuzisomea hapa. Nilijaribu kila moja. Diraivu ilikwaruza, ikanguruma, ikanyamaza. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akitazama skrini.

Nikasema, "Zimeharibika na jua, Mzee."

Hilo si uongo, diskette zimeharibika na jua kweli. Nimelirudia jioni nzima, na kila nikilirudia naona jinsi lilivyo baya, kwa sababu lilikuwa kweli na likafanya kazi ya uongo.

Halafu akasema polepole, "Basi ni Nyar Awasi." Ndivyo wanavyomwita Lornah kwao, kwa kuwa ametoka Awasi. "Basi ni yeye amemaliza mama."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza siku ile simu ilipolia. Maneno ya mama ni maneno gani?

Mama Adero alipoambiwa hospitalini kwamba hatapona, aliomba kurudi nyumbani. Kila alasiri akipata nguvu alikaa kwenye kiti karibu na kompyuta, akamwambia mumewe aandike. Alikuwa na neno kwa kila mjukuu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na faili lake. Alitaka yasomwe siku ya ukumbusho wake. Ukumbusho ni mwezi wa sita, tarehe moja, kwa sababu ni Madaraka na watu wote watakuwa wamepata ruhusa kazini. Ndiyo maana ya printa. Ndiyo maana ya mashine mpya, na diski kubwa, na safari zote hizi.

"Na wewe Mzee hukumbuki alichosema?"

"Mimi nilikuwa nachapa, nyathina. Kidole moja moja. Unatafuta herufi, neno inapita. Nilijua mashine inashika."

Mtoto wangu, ameniita. Nimefunga ofisi mapema. Naona haya kuandika lakini nitaandika: kitu cha kwanza nilichohisi aliposhuka ngazi ni nafuu.

Ijumaa, 12 Aprili

Muuza omena amekaa chini ya dirisha langu. Nimefunga dirisha, na joto limenimaliza.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekwenda Kisian. Nilimdanganya Wepukhulu kwamba naja kuangalia kama diski inafanya kazi salama, maana sasa uongo unanitoka bila kusukumwa. Nilikuwa na diskette yenye programu ya kufufua mafaili, na tumaini langu lote lilikuwa humo.

Wamejaza diski yote. Ankara, mishahara, uzito wa minofu, majina ya madereva. Nilipekuapekua humo huku Wepukhulu akiniletea chai. Vipande vilitokea, takataka za alama na nambari. Katikati yake, mara moja tu, niliona neno zima: nyathina. Baada yake zikafuata kilo za samaki.

"Dada, unalia?"

"Ni harufu ya samaki."

"Hii? Hii ndiyo pesa inanuka," akacheka. Hana kosa. Alitaka diski yoyote na mimi nikampa ya mtu.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuna kitu leo.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama Dorca, dada yake Mzee Zadock, ana meza ya samaki hapo Jubilee. Amepanda kwangu akihema, mvua ikimtiririka kwenye leso, akakaa bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye Nyar Busia? Nataka kusikia na masikio yangu. Ni kweli hiyo vitu iliharibika na jua?"

"Ndiyo, mama. Lakini..."

"Lakini nini?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na yeye ana macho ya mtu aliyezoea kupima. "Lakini hakujua," nikasema. "Hangejua."

"Hakujua! Mtu anaona kitu ya mzee, hata hajui ni nini, anaanika na omena! Yule mama alimlea kama mtoto yake. Leo ndugu yangu hawezi kula mkono yake tena. Anawekewa chakula, anaangalia, anatoka nje. Hata hasemi kitu. Mimi ndiye nampelekea uji."

Mzee hajamtukana. Hajampiga mtu yeyote maishani mwake, nadhani. Ameacha tu kula chakula chake, na katika boma lile kila mtu anaelewa maana yake, kwamba amemkataa. Mimi mgeni wa Busia naielewa.

Mama Dorca ameshuka akisema mimi ni msichana wa kweli.

Jumapili, 28 Aprili

Sikuenda kanisani. Nimesafisha vumbi kwenye mashine zote, hata zisizo na wenyewe.

Ijumaa, 3 Mei

Leo amekuja Lornah mwenyewe.

Nilikuwa nimemwona mara moja tu zamani, alipomsindikiza Mzee. Ni mwanamke mrefu, mpole, mwenye mikono iliyochanikachanika kwa nyavu. Alikuwa na begi, na Aoko amemshika sketi. Aoko ndiye bintiye wa mwisho, hata shule hajaanza. Walikuwa wanaelekea stendi kupanda gari la Awasi, kwa wazazi wake. Nilimuuliza kama anaenda kusalimia. Akasema, "Naenda tu kwanza. Baba ashibe kwanza, mimi nikiwa mbali."

Nilidhani amekuja kunishtaki. Nilikuwa tayari, hata nilikuwa natamani. Akavuta kiti, akakaa ukingoni, akasema:

"Dada, nimekuja uniambie. Nilikuwa nifanye aje? Ile siku maji imeingia. Nilikuwa nikaushe na nini? Unifundishe, ndiyo siku ingine nisirudie."

Na mimi nikamfundisha. Mungu wangu. Nikamweleza kwamba unapangusa kwa kitambaa kikavu, unaweka kivulini, upepo upite, jua lisiguse. Nilichukua diskette nikamwonyesha kwa mikono jinsi ya kuishika pembeni. Sauti yangu haikutetemeka. Alikuwa anatazama mikono yangu kwa makini, midomo ikirudia maneno, kivulini, kitambaa kikavu, kama mtu anayejifunza dawa ya mtoto.

Aoko alikuwa anabonyeza kibodi iliyokufa.

"Ero kamano, dada," akasema, asante. Aliposimama aliongeza, "Mimi ningepewa hata kiboko moja tu, halafu chakula iliwe. Ingekuwa rahisi."

Wameshuka, na nimewaona dirishani wakivuka matope, begi kichwani, mtoto mgongoni. Mdomo ninao na ngazi ninazo. Ningewakimbilia nikawafikia kabla ya kona. Nimesimama hapo mpaka mtu akaja kuuliza bei ya kuchapa.

Jumamosi, 4 Mei

Mimi ni mtu mbaya. Nataka kuliona limeandikwa.

Jumapili, 12 Mei

Mhubiri amesema juu ya kuchukuliana mizigo. Nilitazama viatu vyangu. Mvua imepiga ibada yote, hakuna aliyesikia nusu yake ila mimi.

Ijumaa, 17 Mei

Wateja watatu wapya wametoka Asembo Bay. Wametumwa na Mzee Zadock. Amewaambia kule kuna fundi Kisumu ambaye hamfichi mtu.

Jumatano, 22 Mei

Mzee amekuja kuchapa ratiba ya ukumbusho. Printa yake nyumbani imefungwa bado kwenye boksi. Ameniambia hana hamu nayo. Amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Alinisomea, nami nikachapa. Maombi ya kufungua. Wimbo. Historia ya Mama.

"Hapo andika, Maneno ya Mama kwa Wajukuu."

Nikachapa.

"Chini yake acha nafasi. Usiandike kitu. Watu wataona iko nafasi."

"Nafasi kiasi gani, Mzee?"

Akafikiri. "Kubwa," akasema.

Nilibonyeza kitufe cha kushuka mstari. Nikabonyeza tena, na tena, kile kimshale kikishuka kwenye weupe, na sikuweza kuendelea. Nilimwambia kidole kinaniuma. Nimemwambia nitamletea mwenyewe Jumamosi zikiwa tayari, nyumbani. Alishangaa kidogo lakini akakubali, na sasa nimesema, siwezi kurudi nyuma.

Jumamosi, 25 Mei

Nimefika Asembo Bay mvua ikiwa imetulia. Uwanjani palikuwa na wavu umekunjwa chini ya paa, hakuna omena. Mzee alikuwa kivulini na Mama Dorca akichambua mboga. Walinipa kiti, nikakataa kukaa.

Nilisema yote. Sikuanza na samahani, kwa sababu nikianza na samahani watu huanza kunifariji na sifiki mwisho. Nilisema: vitu vyako vilikuwa vizima ndani ya diski ya zamani siku uliyoniletea. Uliniambia nihamishe yote. Mimi nilifuta, nikampa mtu mwingine, kwa sababu alikuwa na haraka na mimi nilikuwa mvivu. Hayo ya diski kutoelewana ni uongo wangu. Diskette alizoanika Lornah zingeharibika zote na usingepoteza hata neno moja, kama ningefanya kazi yangu.

Mama Dorca alisimama, mboga zikamwagika. Alisema maneno mengi kwa Kijaluo, na machache niliyoyaelewa yalinistahili. Mzee alimwinulia mkono anyamaze.

"Siku ile nilileta diskette. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na nikasema ni Nyar Awasi. Ukasikia."

"Nilisikia."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aligeuka akatazama jiko la Lornah, lile dogo la udongo, mlango wake umefungwa kwa kamba. "Nimemkataa mtoto wa wenyewe na mdomo yangu," akasema, "na hakuna kitu amefanya." Alilia bila kujifunika uso. Sijawahi kumwona mzee wa rika lake akilia hivyo mchana kweupe, na mimi ndiye niliyemliza.

Kisha akavaa kofia.

"Jumatatu tutaenda Awasi. Mimi na wewe. Kila kitu umesema hapa utasema mbele ya babake."

Jumatatu, 27 Mei

Awasi. Mashamba ya mpunga yamefurika, barabara inateleza. Babake Lornah alitupokea kama wageni wa maana, akatuma kuku ashikwe. Nilisema kabla kuku hajashikwa. Mara ya pili si rahisi kuliko ya kwanza, naandika hili kwa yeyote anayedhani ni rahisi.

Lornah alikuwa amesimama mlangoni na Aoko. Nilipomaliza hakunitazama. Alimtazama Mzee, na Mzee akainuka, akamwambia mbele ya babake na ndugu zake, "Nilikuonea, Nyar Awasi. Nipe maji." Akaletewa maji kwenye kikombe, akayanywa yote kutoka mkononi mwake. Mimi hawakunipa, na hawakukosea.

Kisha Mzee akasema kama mtu anayeongea na ardhi, "Lakini maneno ya mama ndiyo basi."

"Si yote, baba," Lornah akasema.

Tukamgeukia.

"Mama alikuwa hawezi kukaa peke yake. Mimi ndiye nilikuwa namshika mgongo kila siku akisema. Wewe ulikuwa unatafuta herufi. Mimi nilikuwa sina kazi ingine, nilikuwa nasikiza."

"Na mbona hukusema?" Mzee akauliza.

"Nani alikuwa ananiongelesha?"

Jumapili, 2 Juni

Jana ulikuwa ukumbusho. Mvua imekata. Ziwa lilikuwa wazi mpaka mbali, gugu limehamia upande mwingine.

Nilitaka kubaki Kisumu lakini Mzee alituma mtu aniite. Nilikaa nyuma kabisa, na watu wa Asembo wakanitazama, habari zimeshawafikia. Ratiba nilizozichapa zilikuwa mikononi mwao, na ile nafasi nyeupe katikati.

Ilipofika hapo Lornah akatoka jikoni, akafuta mikono, akasimama kando ya kaburi. Hakuwa na karatasi. Aliita wajukuu mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alikuja mbele, Lornah akamwambia lake kwa Kijaluo, na aliyeketi karibu nami akanitafsiria kwa kunong'ona.

"Oduor. Mama alisema wewe unalia upesi kama baba yako. Alisema lia, halafu umalize kazi."

Watu wakacheka, na Oduor, kijana mzima wa sekondari, akaanza kulia palepale, wakazidi kucheka. Mama Dorca alipiga mapaja akisema ni yeye, ni Adero huyo, ni yeye kabisa.

"Aoko. Wewe ulizaliwa njiani mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lako. Mama alisema usikubali mtu akuambie ulikosa nyumba. Alisema mvua ndiyo ilikupokea, na yeye alikuwa wa pili."

Akaenda hivyo mpaka wa mwisho. Mahali pengine alisimama, akasema, "Hapa imenipotea," akaendelea. Mara nyingi kidogo imempotea. Kila aliposema hivyo deni lilihesabiwa juu yangu, hata kama hakuna aliyegeuka.

Baadaye nilikwenda jikoni kusaidia kuosha sahani, kazi pekee niliyoona nastahili. Lornah alikuwa kwenye sufuria kubwa, moshi machoni. Wanawake wengine walitoka na vyakula, tukabaki wawili. Hajanisamehe, na sikumuomba. Aliongea akiendelea kukoroga.

"Siku moja mama aliniambia niende ziwani niteke maji. Na maji ilikuwa imejaa mtungi. Nikajua ananitoa. Alishikwa mgongo na mtoto siku hiyo. Nilirudi, baba bado anachapa." Alikoroga. "Nimemuuliza baba juzi. Anasema ndiyo, aliandika kitu yangu. Anasema hakumbuki, alikuwa anatafuta herufi."

Nilishika sahani.

"Wewe uliona majina. Ulisema kwetu uliona majina kabla ya kufuta. Yangu ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Ilisema nini?"

"Sikufungua, Lornah. Niliona jina tu." Na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa duniani, nikampa hicho. "Lakini mashine huonyesha ukubwa wa kila faili. Lako lilikuwa kubwa kuliko yote."

Mwiko ukasimama.

"Kuliko ya Aoko?"

"Ndiyo."

"Kuliko ya Oduor? Na yeye ni wa kwanza?"

"Kuliko ya watoto wote."

Aliweka mwiko chini, akapangusa mikono kwenye leso, akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu Awasi. Uso wake ulikuwa umelowa, na sijui kama ni moshi.

"Nionyeshe," akasema.

Sikuelewa. Akainua mikono yake mwenyewe mbele yangu, viganja vikitazamana, vile wauza samaki wa ufukweni wanavyokuonyesha samaki aliyekwisha kuuzwa. "Kubwa aje? Nionyeshe."

Niliweka sahani. Nikainua mikono, nikaitanua kiasi, nikamtazama. Alikuwa anangoja. Nikaitanua zaidi, na zaidi, mpaka mabega yakauma, na bado nikaona haijatosha.